Safari ya Machakos na Mbuzi Watatu

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nzomo amekuja kibandani saa ya chai, mikono mifukoni, meno yote nje. Jumamosi tunaenda Machakos! Road trip, anasema, kama watu wa Instagram. Ian ataendesha ile Probox ya mjomba wake inayonuka vitunguu. Mideva atakuja kwa sababu Ian haendi hata dukani bila Mideva. Na mimi. Tutakula nyama, tutapiga picha mlimani, jioni tuko Kibera.

Nikamwambia nina geti la mteja hapa Soweto East, na mteja mwenyewe ni msumbufu. Akasema geti halina miguu, halitatoroka. Halafu akasogea karibu.

"Boss, si Katunge ako kwao wiki hii? Tutapita hapo. Kama mabeshte tu. Mathe yake akuone, azoee hiyo sura yako."

Nilizima mashine ya kuchomelea papo hapo!

Miaka miwili mimi na Katunge tunapendana kwa kujificha kama watoto wa shule. Nikienda kumwona Kawangware 46, kwa shangazi yake anakoshonea, nabeba suruali iliyopasuka ili nionekane mteja. Suruali zangu zote zimeshonwa, mpaka zile ambazo hazikupasuka. Mama yake hataki kusikia Mluhya. Anasema tunakula sana na tunaoa wengi. Mimi! Ambaye hata huyo mmoja siwezi kutembea naye barabarani. Wanaojua ni marafiki hawa watatu tu, na anayejua yote ni Nzomo — Mkamba kama Katunge, wa kijiji kimoja naye, mtu tuliyegawana naye blanketi moja kule Lindi, hapa hapa Kibera, tulipofika Nairobi bila godoro. Siku ya kuongea na wazee ikifika, yeye ndiye atanisemea. Tulikubaliana hivyo zamani.

Mtu akipata rafiki kama huyu ashukuru.

Jumatano, 6 Agosti

Katunge hashiki simu. Jana hashiki, leo hashiki. Nimemuuliza Nzomo. Amesema niache kabisa, hata meseji nisitume — akiwa nyumbani simu inakaa kwa mama, na mama anasoma kila kitu. Nikipiga nitaharibu mambo kabla hatujafika. Haya. Nimeacha. Yeye ndiye anawajua watu wake.

Lakini mikono mitupu siendi! Kwetu Busia ukienda kwa watu bila kitu wanakusengenya mpaka siku unazikwa. Nimemnunulia mama yake leso ya kujifunga, ya zambarau, nzuri, nzito. Nimeikunja na kuikunjua mpaka Mideva akanikuta nayo. Huyu anauza chapati nje ya ploti yetu. Mmaragoli, Mluhya kama mimi, ananiita ndugu yake. Kwa kawaida angenicheka hadi kesho. Leo hakucheka. Aliuliza tu ni ya nani, nikamwambia ya mama yake Katunge, akasema "woi" na kurudi kwa chapati zake. Labda amekosana na Ian tena.

Ijumaa, 8 Agosti

Baridi ya kukata masikio. Geti nimemaliza, bado rangi.

Nzomo amekuja kuazima koti langu la kijivu, lile ambalo Katunge alilipunguza mikono. Nikamuuliza, koti la nini, tunaenda kanisani au tunaenda kula mbuzi? Akasema kwao mtu hatembelei wazee akiwa kama mchimba mtaro. Nikampa. Limemkaa vizuri, nakiri, ingawa mabega yake ni madogo. Mimi nitavaa shati jeupe.

Jioni Mideva ametuma meseji. Eti, Wanzala uko sure uko sawa na hii safari? Nikamjibu niko sawa kuliko nyinyi wote! Akanitumia zile alama za mikono ya kuomba. Siwaelewi wasichana.

Nimenyoa. Nimepiga viatu rangi. Leso iko ndani ya mfuko wa karatasi, juu ya meza, nisije nikaisahau.

Jumamosi, 9 Agosti. Asubuhi

Naandika kwenye goti. Tumepita Athi River na tumesimama kando ya barabara kwa mzee mmoja anayeuza mifugo. Nzomo ananunua mbuzi. Si mmoja — watatu! Nimemuuliza, sisi wanne tunakula mbuzi watatu, kwani tumetoka jela? Anasema kwao mgeni hali peke yake, kijiji kizima kitakuja. Anawachagua kama mtu anayenunua gari: meno, kwato, macho, wazungushe niwaone. Beberu mmoja, majike wawili. Nikamwambia jike ni wa kuzaa, ukimchoma ni hasara. Akacheka tu.

Haya, kwao ni kwao. Kwetu mambo mazito ni ya ng'ombe. Mbuzi ni mboga.

Probox imekunjwa viti vya nyuma, mbele wamebanana watatu. Anayekaa nyuma na mbuzi ni nani? Mimi. Na shati jeupe! Sijalalamika. Mideva amegeuka akanishika mkono, akaniambia, "Wanzala, wewe uko na roho kubwa sana. Mimi singeweza." Machozi yanamlengalenga kabisa. Kwa sababu ya harufu ya mbuzi? Nikamwambia hawa ni wapole, shida ni miguu tu.

Jua limetoka. Nina furaha ya kijinga leo. Tunaondoka.

Jumapili, 10 Agosti

Nitaandika yote. Nikiruka kitu nitakuja kujidanganya baadaye kwamba hakikutokea.

Tulifika kabla ya saa sita. Nilijua tumefika kwa kina Katunge nilipomwona mlangoni mwa jikoni, kitenge cha kijani, nywele zimesukwa upya. Moyo uliruka! Aliniona nikishuka nyuma ya gari na kamba tatu mkononi. Akashika mlango. Nikamtabasamia. Yeye hakutabasamu, akaingia ndani. Nikajiambia sawa, anaficha, tumezoea kuficha.

Watu walikuwa wengi kuliko watu wa nyama choma. Wazee kwenye viti vya plastiki chini ya turubai. Akina mama wamejifunga leso. Mjomba wake mmoja mrefu, mzee Kavindu, ndiye alikuwa mkubwa wa shughuli. Nzomo akawasalimia mmoja mmoja, ameinama, ndani ya koti langu. Kisha akanigeukia, "Wanzala, ingiza hao mbuzi."

Nikawaingiza! Mimi, kwa mikono yangu hii. Jike mmoja mweusi aligoma getini, akakaza miguu, havutiki. Nikamtupa mabegani nikapita naye. Akina mama wakapiga vigelegele. Mimi nikadhani wanashangilia nguvu zangu. Nikawapungia mkono!

Nilitaka mama yake anipende. Hiyo ndiyo kazi niliyokuwa nayo siku ile, sikuwa na nyingine. Nikateka maji. Nikapasua kuni. Beberu alipochinjwa, ni mimi nilimchuna, ni mimi nilisimama kwenye moshi nikigeuza nyama. Leso yangu Nzomo aliichukua mkononi mwangu, akasema ataitoa vizuri kwa Kikamba. Akaitoa. Mama akaifungua mbele ya watu, akajifunga papo hapo, akanitazama na kucheka kwa uzuri. Nikajiona nimefika.

Yote yalikuwa Kikamba. Changu kinaishia kwa "nesa", yaani vizuri. Wakicheka nacheka. Wakinyamaza nanyamaza. Neno moja lilikuwa likirudi — ntheo, ntheo. Nikamuuliza Nzomo sikioni ni nini. Akasema ni heshima ya wageni tu, hiyo nyama unaichoma ndiyo hiyo.

Kisha Katunge akaitwa. Akasimama mbele ya wazee. Mzee Kavindu akamuuliza jambo. Akaulizwa mara ya pili. Hapo aliinua uso akaniangalia — mimi, si mtu mwingine. Aliniangalia kwa muda. Nami nikadhani anaulizwa kama anamjua huyu mgeni mchapakazi! Nikamtikisia kichwa, usiogope, sema. Akasema neno dogo sana. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga. Nilipiga kwa nguvu kumshinda Ian.

Nilikuwa kwenye moto, kipande cha ini mdomoni, mama alipokuja kando yangu. Ndiyo mara ya kwanza aliongea nami Kiswahili.

"Kijana, mimi nilikuwa nasema Waluhya ni watu ya kula tu. Leo umenifunga mdomo. Rafiki ya kuletea mwenzake mbuzi za kuoa, na kuzibeba kwa bega, siku hizi hakuna. Mungu akupatie pia wako."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Lile ini sikulitema na sikulimeza. Lilikaa tu.

Mbuzi watatu. Kwao ndiyo hiyo ntheo. Kabla ya pete, kabla ya kanisa, kabla ya kitu chochote — mbuzi watatu wakiingia geti la kwao na msichana akiwakubali, basi ni mke wa mtu. Mtoto wa darasa la kwanza Machakos anajua. Mimi nilikuwa nangoja ng'ombe! Ningeona hata mkia wa ng'ombe ningeuliza.

Nilimpeleka Nzomo nyuma ya tangi la maji. Yeye akaanza, kwa upole, kama daktari.

"Ningekuambia ungeleta noma. Na si eti ungempata, Wanzala. Mathe yake hangekukubali, na wewe unajua. Mimi nimekuokolea aibu."

"Tangu lini? Wewe na yeye?"

"Haya ni mambo ya wazazi. Wangu na wake. Na sasa ushakula, bro. Mwenye amekula hizo mbuzi ni shahidi. Mtu akiuliza kesho, si ni wewe ulizileta? Utasema nini?"

Halafu akaninyooshea kola ya shati. Ilikuwa imekunjika.

Mkono huu wangu unakunja chuma. Ungemkunja Nzomo pia. Lakini mama alikuwa akitutazama kutoka jikoni, ile leso kiunoni. Na Katunge alikuwa ameulizwa na amekubali kwa mdomo wake, mimi nikisikia. Nimpige Nzomo kwa ajili ya nani sasa? Niliona wote wamenichezea. Yeye pia.

Nikarudi kwenye moto. Nikageuza nyama, maana ilikuwa inaungua. Huo ndio ujinga wangu wa mwisho wa siku ile.

Tulirudi Ian akiimba. Ndani ya gari lile asubuhi, waliokuwa hawajui tunakoenda ni mimi na wale mbuzi.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimepaka geti rangi isiyo yake. Mteja alitaka nyeusi, nimepaka ya maji ya kunde. Nikamwambia aichukue hivyo hivyo au aache. Ameacha.

Nzomo ametuma meseji: "Thanks sana bro, ulinibeba. Koti nitaleta nikishafua."

Ulinibeba!

Jumanne, 12 Agosti

Leo nimemkabili Mideva. Nimesimama mbele ya karai lake la mafuta nikamuuliza, wewe ni ndugu yangu, ulijua? Akasema alijua. Nikageuka niende zangu, akaniita kwa sauti ya kulia.

Kumbe hivi. Nzomo aliwaambia yeye na Ian kwamba mimi mwenyewe nimemwachia Katunge. Eti watu wangu Busia wamenipatia msichana wa nyumbani, nimekubali, na kwa kuwa sitaki uadui nimeomba kuwapeleka mbuzi mwenyewe. Akawaonya wasilitaje mbele yangu, kwa sababu bado linaniuma. "Ndio maana nilikuuliza kama uko sawa," Mideva anasema. "Ukasema uko sawa kuliko sisi. Na ile leso! Nilienda kulia kwa nyumba, nikasema huyu mtu ni malaika."

Malaika! Niliondoka na chapati mbili alizonilazimisha kuchukua, sikuzila.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Mimi wangu nilimpa hadi nguo yenyewe. Na si wizi tu uliofanyika. Mwizi huingia usipojua na kutoka. Huyu amenifanya nimbebee mzigo, nimfungulie geti, nimpigie makofi, na sasa kila mtu anayenijua anadhani nilifanya kwa wema. Nikilalamika leo, ni mimi nitaonekana kigeugeu. Alipanga vizuri. Nampa hiyo.

Ninachotaka kujua ni kimoja tu. Katunge aliambiwa nini?

Sijampigia. Vidole vinafika kwa jina lake vinakataa. Alisema neno lile akinitazama usoni.

Alhamisi, 14 Agosti

Katunge amekuja kibandani.

Mchana, mbele ya mafundi wote wa Soweto East. Hajawahi. Alisimama mahali cheche zinaangukia, mkoba begani, akangoja nizime mashine. Sikuzima. Nilijifanya nina kazi. Fundi wa kando, Wekulo, akanizimia yeye.

Kitu cha kwanza alichosema: "Ulinipigia makofi."

Nikamwambia wewe ulisema ndiyo. Akasema, "Niliuliza macho yako kwanza. Ukanitikisia kichwa."

Basi tukaanza kugombana pale pale, kila mtu amesimamisha nyundo. Hivi ndivyo ilivyokuwa kwake. Nzomo alimwendea na baraka za mama wote wawili. Katunge akamwambia moyo wake uko kwangu, na kama anamtaka aje aongee nami kama mwanamume. Nzomo akarudi na jibu: Wanzala ameachilia, ana msichana Busia, na kama huamini atakuja mwenyewe akishika kamba. Katunge akakataa kuamini. Akangoja nipige simu. Wiki nzima anangoja — simu ilikuwa mkononi mwake, mama hakuigusa hata siku moja! Na yeye hakuweza kupokea zile za kwanza kwa sababu alikuwa analia, na aliposhika simu ili anipigie akasema hapana, kama ananitaka atapiga tena. Sikupiga tena. Kisha Jumamosi akaniona nikishuka garini na mbuzi.

"Nikasema basi ni kweli," anasema. "Si mbuzi moja, tatu. Na yule mweusi ukambeba!"

Nikamwambia, miaka miwili, na unaamini mdomo wa Nzomo kuliko mimi? Nilipandisha sauti. Nilikuwa na haki.

Akaniangalia hivi. "Na wewe, miaka miwili, unakuja kwetu hujui hata kusikia mtu akiulizwa kama anaolewa. Ningekuwa nimefundisha suruali zako Kikamba, zingekuwa zinajua."

Wekulo alikohoa.

Amesema atakataa. Atamwambia mjomba Kavindu kwamba alikubali kwa kudanganywa. Lakini kwao si neno la kusema na kwenda zako. Beberu ameshaliwa, wale majike wawili wako zizini kwa mama yake. Mke akimkataa mume, mbuzi hurudishwa mbele ya watu, na kabla ya kurudisha wazee watauliza waliokuwepo ni nini kilitokea. Mama yake atacheka na nani tena kijijini? "Lakini siwezi kulala kwa nyumba ya yule mtu," Katunge akasema. "Siwezi."

Nikanyoosha mkono nimshike. Akarudi nyuma hatua. Akasema mikono yako ni michafu. Ni kweli, ilikuwa na grisi. Lakini siku nyingine grisi hii haikuwa inamsumbua.

Ameenda. Sijui kama amekuja kunirudia au amekuja tu nijue nilichofanya.

Ijumaa, 15 Agosti

Nzomo amepita nje ya kibanda. Akapunga mkono. Nikashika nyundo. Akapita.

Jumamosi, 16 Agosti

Namba nisiyoijua. Nikashika. "Ni mama Katunge. Wewe kijana ya mbuzi, habari yako mwanangu?"

Mwanangu!

Ametoka Machakos na mzee Kavindu, wamefika Kawangware kwa shangazi. Mtoto amegeuka, anasema, na hataki kueleza. Anasema tu alidanganywa, akiulizwa na nani anafunga mdomo. Nzomo ataitwa kesho baada ya kanisa. "Na mimi nataka wewe. Hawa wote wako na upande. Wewe hauna upande. Nilikuona kwa macho yangu."

Nikasema nitakuja. Ningesema nini?

Kwa nini Katunge amefunga mdomo? Nimewaza siku nzima. Jibu ni moja. Hataki kulitaja jina langu kabla sijalitaja mwenyewe.

Jumapili, 17 Agosti

Kawangware 46. Nimekalia mtungi wa plastiki nje ya chumba cha shangazi. Kitabu hiki cha vipimo ndicho nilichokuwa nacho mfukoni, naandika humu. Wameniambia ningoje nje kwanza, shahidi haingii kabla ya kuitwa. Dirisha liko wazi. Wanaongea Kiswahili kwa sababu yangu, nadhani, au kwa sababu shangazi amekaa Nairobi sana.

Nimemsikia Nzomo. Hana wasiwasi hata kidogo. Anasema msichana ni wa kuvumiliwa, ni uoga tu, kila msichana huogopa. Anasema, "Muulizeni mwenye alileta mbuzi. Wanzala ni ndugu yangu. Mimi na yeye tumelala njaa pamoja." Hapo sauti yake ilikatika kidogo, na Mungu anisamehe, naamini ilikatika kwa kweli.

Mama ametoka kuniletea chai. Amevaa ile leso. Akainama akaniambia polepole, wasisikie ndani:

"Mwanangu, utaulizwa jambo moja tu. Ulibeba mbuzi zikiwa za nani. Sema ni za Nzomo, ulizileta kwa moyo safi. Huyu mtoto atatulia. Nimeshaambia watu kwa kanisa. Nimeshaambia ukoo. Wakisikia tulikula mbuzi ya uwongo, mimi nitapita wapi?"

Nikamtazama. Sijawahi kuwa na mama wa mtu anayenitazama hivi. Katika watu wote wa siku ile, huyu peke yake hakunidanganya. Na yeye ndiye nitamwangusha nikifungua mdomo. Nikisema nilidhani ni nyama choma, atakuwa kichekesho cha kijiji. Nikisema ni kwa nini nilikwenda kwake, atajua huyu kijana asiye na upande amemfuata binti yake miaka miwili akijifanya mteja wa suruali. Hataniita mwanangu tena. Atarudi kusema Waluhya ni watu wa kula, na safari hii atakuwa na ushahidi.

Na nikisema ni mbuzi wa Nzomo — ni kweli. Ni mbuzi wa Nzomo. Neno la kweli kabisa, na kwa neno hilo Katunge ataenda kwake.

Nimemwambia mama asante kwa chai. Amenipapasa bega akarudi ndani.

Mzee Kavindu amesema shahidi aitwe.

Mlango umefunguliwa. Ni Nzomo mwenyewe. "Bro, ingia, tunakungoja," sauti ile ile ya kila siku. Naandika huku nikisimama. Nyuma yake namwona Katunge, amekaa peke yake kwenye ukingo wa kitanda. Hakunitazama usoni. Anatazama mikono yangu.

Chumba kimejaa. Kiti kimebaki kimoja, upande wa Nzomo. Ameniwekea yeye.